Chumvi Mara Mbili

Msambweni, Jumapili, Novemba 1998

Bado najiuliza kwa nini hawakunigombeza.

Miaka yote pilau ya harusi hapa mtaani naitia chumvi mimi. Leo waliniwekea kiti kivulini wakanipa soda. "Bibi, wewe pumzika, umeshatupikia sana," akasema Mwanasha, mjukuu wangu. Nilikaa, lakini roho haikutulia. Alipokwenda kuchota maji nikainuka, nikatia chumvi kwenye sufuria. Kumbe alikuwa ameshatia.

Wageni walikula kimya, wakanywa maji mengi. Mwanasha akanibusu mkono, akasema pilau tamu.

Zamani ningekosea hivyo, wanawake wenzangu wangenisema mpaka Ijumaa. Leo hata mmoja...

Asiyesemwa jikoni ni mgeni. Nimekuwa mgeni kwenye sufuria zangu mwenyewe.