Askari wa Akiba na Pasipoti ya Onesmus

Oud Metha, Dubai
Jumatano

Kwako Mama mpendwa,

Bwana asifiwe sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yamekupa nafasi ya kupumua sasa baridi ya Mwingi imepungua. Ivy wangu hajambo? Mwambie picha yake ya shule imenifikia na nimeibandika ukutani, lakini mwambie pia kwamba nimeona soksi moja imeshuka. Mimi sijambo. Onesmus naye ni mzima wa mwili, ila uso ameukunja, na sababu utaijua. Barua hii anakuletea Terry, rafiki yangu, anayekuja nyumbani kwa likizo. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako husikilizwa na boma zima, na wewe Mama ukishapata habari huwezi kukaa nayo hata chai ichemke. Usinune, unajua ni kweli.

Nimesikia kwamba akina mama wa kanisani wamefunga na kuomba ili pasipoti ya Onesmus ipatikane. Nawashukuru kwa moyo. Nitalirudia jambo hilo.

Kwanza nikueleze kazi yangu, kwa maana ukiniuliza kwenye simu huwa nasema tu kwamba namtunza mzee. Mzee wangu anaitwa Reinhold, Mjerumani, baba yake madam anayefanya kazi kliniki ya hapa mtaani. Amekaribia miaka tisini na miguu imekataa kabisa, kwa hiyo anashinda kwenye kiti cha magurudumu. Namwogesha, namlisha, nampa dawa. Lakini kazi anayoipenda yeye ni ya alasiri. Tukishakunywa chai namsukuma hadi kwenye ukuta wenye ramani kubwa ya Ulaya iliyochomekwa pini, na kwa kuwa mikono yake inatetemeka, mimi ndiye ninayezihamisha. Anasoma vitabu vyake, ananiambia wiki hii walikuwa mji huu, nasogeza. Anaandika historia ya divisheni moja ya jeshi la Ujerumani, ile ambayo baba yake alikuwemo. Ukinikuta hapo utadhani mimi ndiye jenerali.

Ilikuwa divisheni ya akiba, Mama. Nilipomuuliza maana yake, alisema ni askari waliowekwa kando: vijana ambao hawajajua kushika bunduki, na wanaume wenye umri au kasoro ambao jeshi lilikuwa halijawataka. Nikamwambia kwetu akiba ni mbegu ya mahindi, haiguswi hata watu wakilala njaa. Akasema kwao njaa iliingia na mbegu ikaliwa.

Baba yake alikuwa fundi wa saa mwenye miwani mizito. Vita vilipoanza alikwenda kujiandikisha wakamkataa kwa sababu ya macho, na ikamuuma sana, maana jirani zake wote walikuwa na magwanda. Miaka ikapita, watu wakaisha, wakamwita. Safari hiyo hakuna aliyemwambia avue miwani asome herufi ukutani. Akaambiwa ataenda Ufaransa, mahali ambapo vita vilishapita, kulinda daraja la reli huku akifundishwa. Kazi ya ulinzi tu. Akarudi likizo mara moja, amenenepa, amebeba chupa ya jamu ya matunda, akamwonyesha mwanawe jinsi ya kupiga saluti. Mzee Reinhold alikuwa mtoto mdogo na anasema hajawahi kula kitu kitamu kama ile jamu.

Kisha mwaka wa mwisho lile neno la akiba likafutwa kwenye jina la divisheni. Siku hiyohiyo, kwenye karatasi, wakawa askari kamili. Bunduki hazikuongezwa, mafunzo hayakumalizwa, walibadilishiwa jina na kusukumwa mbele. Pini ile niliihamisha mwenyewe kutoka kwenye daraja hadi kwenye mapigano, na baada ya hapo mzee aliniambia niing'oe. Mpaka leo hajui baba yake amezikwa wapi.

Lakini si hilo linalomnyima usingizi. Katika kusoma kwake amegundua kwamba kabla hawajapelekwa mbele, kikosi cha baba yake kilitumwa kwenye kijiji kimoja kuwasaka waliokuwa wakivunja reli. Nyumba zilichomwa na watu wakapigwa risasi. Hajui baba yake alifanya nini siku hiyo. Siku moja ameshika kipande cha mkate aliniuliza kama nadhani ile jamu ilitoka kwenye kabati la nani. Nilimpangusa mdomo nikampeleka kulala.

Sasa nikuambie ya mwanao. Unajua kwamba mkataba wake wa ulinzi kule Silicon Oasis umekwisha na siku zake za kukaa hapa zinayoyoma. Alichokuambia wewe ni kwamba amepata kazi ya jeshi ng'ambo, nawe ukafurahi ukatangaza kanisani kwamba hatimaye mwanao ni askari. Hukukosea kufurahi. Nakumbuka ulivyolia alipokataliwa na jeshi uwanjani Mwingi kwa ajili ya jino lile alilovunjwa na teke la punda wa kubebea maji. Alikuwa amewashinda wote mbio, na afisa akamfungua mdomo akamwambia aende nyumbani. Jeraha hilo halijapona. Kwa hiyo alipokuja mtu kuwaambia walinzi kwamba kuna nchi ya baridi iliyo vitani inatafuta watu wa kulinda maghala, mbali kabisa na mapigano, Onesmus alisikia jambo moja tu, kwamba anatakiwa. Nilimuuliza kama wamemtazama meno. Akacheka, akasema hawa hawana ujinga huo, hawakumwambia hata afungue mdomo.

Mama, nikamwona fundi wa saa na miwani yake.

Nikamuuliza habari za Desire, mlinzi mwenzake aliyelala kitanda cha juu yake, ambaye alitangulia kwa mkataba huohuo. Desire alipiga simu alipofika akasema chakula ni kizuri na kazi ni ya ghala tu. Baadaye akatuma picha yuko msituni, ana bunduki, na hacheki. Tangu hapo simu yake haipatikani. Onesmus anasema huko mtandao ni mbovu. Tulikuwa tumekaa mtaani Naif tunakula, Jumapili yetu ya kukutana, na nilimweleza habari ya divisheni mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia hayo ni ya Wazungu wa zamani, khalas, yamekwisha, na kwamba mke hapaswi kumwombea mumewe mabaya. Nilikasirika mpaka biriani ikanishinda. Ninampenda, Mama, na sitaki auawe, wala atumwe kwenye kijiji cha watu kisha amletee Ivy jamu.

Sasa nimefika. Pasipoti haikupotea.

Unajua Onesmus huniachia mimi, kwa kuwa katika chumba chao cha wanaume wengi vitu huota miguu. Alipokuja kuichukua ili aikabidhi kwa watu wale, nilimwambia haipo, sijui nimeiweka wapi. Alinipekulia sanduku lote hapo mlangoni. Nimeitwa mzembe, na wewe mwenyewe ulinipigia simu ukaniambia mwanamke asiyeweza kutunza kijitabu atatunzaje nyumba. Nililimeza neno hilo na bado liko hapa kooni. Watu wengi mji huu wamelia kwa sababu arbab, yaani tajiri wao, amewashikia pasipoti, na mimi mke wa ndoa nimefanya hivyohivyo kwa mume wangu. Najua ni vibaya. Ningerudia tena kesho asubuhi.

Nimeuliza vizuri. Asiyekuwa na pasipoti akienda ubalozini hupewa karatasi ya safari, na karatasi hiyo humfikisha Nairobi tu. Haimpeleki kwingine. Watu wale wanaondoka mwisho wa mwezi, na hawamngoji mtu.

Kwa hiyo Mama, naomba mambo mawili. La kwanza, waambie akina mama waache kufunga, wale chakula, maombi yao yanapigana na yangu. La pili, mpigie Onesmus siku hiyohiyo Terry atakapofika. Mimi hanisikii, ila wewe hajawahi kukukatalia. Usimwambie habari ya pasipoti. Mwambie umeota ndoto mbaya, mwambie magoti, mwambie lolote, lakini mwambie arudi nyumbani hata akiwa mikono mitupu, na kwamba kwako wewe alikuwa askari tangu siku ile ya mbio. Hilo la mwisho ndilo analolisubiri. Akishafika ukamshika kwa mikono yako, nitampigia nimwambie mwenyewe nilichofanya. Akitaka kuniacha, aniache akiwa hai.

Msalimie baba, umsalimie mchungaji, na umbusu Ivy kwa niaba yangu.

Mzee Reinhold pia anakusalimu. Ni yeye peke yake anayejua, maana pasipoti ya mwanao imeshonwa ndani ya mto anaoukalia. Jana madam alitaka mto ule ukafuliwe, na mzee akapiga kelele mpaka akaachwa. Anasema baba yake alipoondoka alikuwa mdogo mno, hakuweza kumzuia. Ameniagiza nikuandikie kwamba safari hii hatainuka.

Mkaza mwanao,
Loise