Swabaha Kashinda, Kombe Kapewa Elick

Raya, acha unachofanya usome hii.

Swabaha kashinda! Miaka yote ile analea watoto, hajagusa kete, leo kaingia mashindano ya sataranji hapa Biharamulo, mwanamke peke yake, kawafunga wanaume wote. Fainali kamla Elick malkia mapema. Elick mwenyewe kalaza mfalme wake kukubali kashindwa, kampa mkono. Ukumbi mzima umeona.

Halafu mwenyekiti akatangaza: “Mshindi upande wa wanawake, Swabaha!” Akampa kanga.

Kanga, Raya! Kombe na nafasi ya kwenda kucheza mashindano ya mkoa Bukoba kampa Elick!

Swabaha akauliza, “Mwenyekiti, si huyu nimemfunga sasa hivi?”

“Dada, usituharibie sherehe.” Watu wakacheka.

Ndivyo walivyomfanyia mara ya mwisho alipocheza, kabla ya watoto, akaacha mchezo. Wao wamesahau. Mimi nakumbuka hadi nani alicheka.

Akamgeukia Elick. “Kaka, sema wewe. Nani kashinda?”

Elick akazidi kulikumbatia kombe.

Basi Swabaha akarudi mezani, akapanga kete upya, moja moja. “Njoo ukae. Nitakufunga mpaka useme.”

Hakuna anayecheka sasa. Elick bado amesimama.