Kidoti Kilichosimama Makambako

Tunduma,
Jumapili mchana

Baba yangu, shikamoo.

Shikamoo tena, maana moja haitoshi kwa muda wote niliokaa kimya. Mama naye shikamoo yake. Habari za Maretadu? Mahindi yameshika? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Na goti lako linasemaje baada ya safari ile? Mimi ni mzima kabisa, hata mafua sina, na ndiyo maana naona aibu kidogo kukuandikia wewe uliyetoka nyumbani kuja kuniuguza.

Barua hii nampa kondakta wa basi aifikishe Haydom, dada Emiliana ataichukua. Vaa miwani uisome mwenyewe. Ukimpa dada akusomee ataongeza chumvi, unamjua.

Juzi tu ndiyo nimejua kwamba ulifika Makambako. Baba! Wewe ambaye hujawahi kuvuka Singida! Acha nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu najua hujamuuliza mtu na huna mpango wa kuuliza.

Kile kidoti ambacho dada alikuwa anamwonyesha Mama kwenye ramani ya simu yake ni simu yangu, si mimi. Niliiwasha hivyo ili Mama aone nilipo, aache kukosa usingizi. Dada aliniambia hata wewe ulikuwa unapita nyuma yao kama unatafuta jembe, unauliza, "Leo yuko wapi?" halafu unatoka nje haraka. Nilicheka sana siku hiyo, na nilifurahi.

Sasa, simu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inanionyesha njia, na ilikuwa shida tupu. Simu haijui kama unaendesha lori au bodaboda, yenyewe inataka njia fupi tu. Kuna siku huko Zambia iliniingiza kwenye kinjia cha mashambani, mbele nikakuta kidaraja cha magogo, nyuma trela zima. Nilirudi kinyumenyume jasho linanitoka, akina mama wa pale wanapiga vigelegele kama wako harusini. Nikasema basi, yatosha. Nikaenda kununua kifaa chenyewe cha madereva wa malori. Muuzaji ananisukumia chenye kioo kikubwa kama sinia. Nikamwambia, kaka, sitaki sinema, nataka kisichokula bando, maana porini mtandao hamna. Nilichochukua kina ramani yote ndani yake. Unakiambia urefu wa gari, kimo chake na uzito wa mzigo, kikiona daraja haliwezi kinakataa, kinakuzungusha kwingine. Kinaongea kwa sauti ya mwanamke, na Makambako anaitamka utadhani ana kiazi cha moto mdomoni. Lakini hajanidanganya hata siku moja, na mimi sasa namtegemea.

Nisingekuwa na kifaa hicho, nisingethubutu kuiacha simu. Mwenzangu Juma, dereva wa Singida ninayeongozana naye, alishikwa na tumbo tukiwa Makambako. Daktari akasema ni kidole tumbo, apasuliwe sasa hivi. Simu yake ilikuwa imeibiwa njiani, na mji ule hana ndugu hata mmoja. Mzigo wangu ulikuwa unasubiriwa Lusaka. Nikamwachia simu yangu ili mke wake aweze kumpata, mimi nikabaki na kitochi chenye laini ya Zambia. Namba zenu zote zikabaki kwenye ile simu. Kichwani sikuwa na hata moja, na siku hizi nani anazo?

Ndipo kidoti kikasimama. Dada akakikuza, akaona pameandikwa hospitali. Akapiga, akapokea nesi, na nesi wa watu akasema kile anachokijua: mwenye simu hii amepasuliwa, bado hawezi kuongea. Mama akapiga yowe. Dada anasema majirani walipojaa uwanjani wewe ulikuwa umeshachukua blanketi na fimbo, umeondoka, hukuaga mtu. Kesho yake Juma akapokea simu mwenyewe, akawaambia mimi ni mzima na niko Zambia. Lakini wewe simu hutaki kumiliki, na ulikuwa umeshapita Dodoma. Nani angekurudisha?

Juma anasema alifumbua macho akaona mzee amesimama miguuni pa kitanda, anamtazama tu.

"Wewe si Safari," ukamwambia.

"Hapana, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Safari yuko wapi?"

Akakueleza yote. Anasema ulivua kofia, ukakaa, ukajifuta uso kwa hiyo kofia muda mrefu. Akajua sasa utaondoka zako. Badala yake ukamuuliza, "Na wewe uji anakuletea nani?" Akasema hakuna. Ukatoka, ukarudi na uji.

Ulimnywesha uji, ukamfulia shati, ukamshika mkono kwenda msalani mpaka mke wake alipofika. Wodi nzima walidhani wewe ni baba yake. Baba, juzi aliponikuta hapa Tunduma kunirudishia simu, akanisimulia hayo, nilikaa chini pale kwenye maegesho, nimeegemea tairi, nikalia mbele ya madereva wenzangu. Wakanitania, nikawaacha.

Halafu Juma, mdomo unavyomuwasha, akakuuliza kwa nini mimi siji nyumbani. Nilishamwambia ulichosema siku ile: "Hilo lori lako lisije likakanyaga uwanja wangu." Mimi ndiye kitinda mimba, boma na ng'ombe vilikuwa vinanisubiri mimi, nami nikachagua usukani. Mlinipa wenyewe jina la Safari, sasa mlitegemea nini? Lakini niliamini umenifukuza. Kila nilipopata mzigo wa Arusha nilipita Katesh, karibu kabisa na nyumbani, nikauangalia mlima Hanang, nikabadilisha gia, nikaendelea. Iliniuma kila mara.

Nawe ukamjibu Juma, "Nilikataza lori. Mtoto nilimkataza lini?"

Kumbe! Na mimi muda wote huo nimekaa nje kama mgeni.

Ulimwachia Juma blanketi lako kwa sababu ya baridi ya Makambako, ukarudi na shati tupu, mtu mzima wewe! Amenipa mimi. Linanukia moshi wa jikoni kwa Mama na ng'ombe. Nimekuwa nikijifunika kwenye lori, na sijalifua.

Mpe Mama pole kwa ule mshtuko. Dada Emiliana mwambie namba yake sasa iko kichwani, aniulize hata nikiwa usingizini. Shangazi aliyehamia Endagikot tope la mlima Hanang lilipoichukua nyumba yake Jorodom, mwambie namkumbuka sana. Na katekista aliyekusanya watu kuniombea, mwambieni asijute, Juma amepona.

Jambo la mwisho, Baba. Kifaa changu kina sehemu ya kuandika nyumbani ni wapi. Tangu nikinunue niliiacha tupu. Jana nikaandika Maretadu. Kikanichorea njia vizuri mpaka Haydom, halafu kikagoma: kidaraja cha mbele hakibebi gari la uzito huu. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Umepata mwenzako, nacho hakitaki lori lifike uwanjani kwako.

Mwezi ujao nina mzigo wa Arusha. Lori nitaliegesha Haydom, nije kwa miguu, blanketi lako begani. Usitoke kuja kunipokea njiani. Wewe umeshatembea vya kutosha, zamu hii natembea mimi.

Mwanao wa mwisho,
Safari