Mawakala wa Naserian

Twahira, uko hapo? Naserian wetu wa kompyuta kadhalilishwa leo kikaoni na mimi nimekaa pale naangalia.

Si unajua maziwa ya ushirika wetu yanapokelewa Akheri, Olmotonyi na Kaloleni, na kila kituo kina kompyuta yake na kumbukumbu zake. Naserian kaweka kila kituo programu ndogo, anaziita mawakala. Ukiuliza kitu zinajadiliana zenyewe ipi itafute nini, jibu unalo kabla chai haijapoa.

Sasa meneja Sankale kasikia mawakala. Akamkatiza mbele ya watu wote: "Hao mawakala watatu umewaajiri kwa idhini ya nani?"

Naserian akamwambia, meneja, hizo ni programu, si watu.

"Usinifanye mtoto. Hao ni wafanyakazi hewa. Wafukuze sasa hivi."

Wafanyakazi hewa, Twahira. Anaambiwa Naserian, ambaye hata peni ya ofisi haendi nayo nyumbani. Akazizima zote tatu, machozi yanamlenga.

Mchana lori likaingia, maziwa ya madumu mengine yamechacha. Hakuna kushusha mpaka ijulikane yametoka kwa nani. Bila mawakala, kompyuta ya ofisini ikawa inavuta kumbukumbu zote za vituo vyote, inazunguka tu, lori liko juani, na yale mazima nayo yanaharibika.

Ndipo Sankale akamfuata Naserian mezani. Nikajua anaomba msamaha. Msamaha wapi.

"Waite wale mawakala wako warudi kazini. Nauli ya boda nitawapa."