Shati la Msiba Lililonipandisha Cheo

Mama Ekua mpendwa,

Vaa miwani yako ukae vizuri, maana leo humsomi yule dada wa kila wiki anayewalalamikia mawifi, leo unamsoma Ekow wa Sekondi, na nina jambo ambalo sijapata mtu wa kumweleza asinicheke. Mimi ni fundi wa mashine ya tatu katika kiwanda cha maji ya pakiti, shule niliishia kidato cha pili, lakini uliza pale kiwandani nani anaijua ile mashine, wote watanyoosha kidole kwangu, hata wasionipenda, maana ikianza kukohoa mimi naisikia nikiwa chooni, naja nimeshika suruali mkononi, nagusa mahali pamoja tu, inanyamaza na kazi inaendelea. Sijisifu, nakueleza tu ujue unazungumza na nani.

Mwaka jana bosi wetu, Bwana Acquah, alifiwa na mama yake, tukapakiwa wafanyakazi wote kwenye lori kwenda kuzika kule Shama. Mimi sikuwa na shati jeusi, nilikuwa na la bluu lenye picha ya nanasi, na mama mdogo wangu, ambaye ni fundi cherehani, akasema huwezi kwenda kwenye msiba wa watu na nanasi kifuani, akachukua vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye kazi aliyoletewa, akaviunga akanishonea shati ambalo hata wewe ungegeuka kulitazama. Kumbe kitambaa chenyewe ni sare ya ukoo, ile iliyochaguliwa ivaliwe na watu wa tumbo moja na marehemu, wa upande wa mama, peke yao. Mama mdogo alijua, ila alidhani nitakaa nyuma na wenzangu kama mtu mwenye adabu. Mimi na kukaa nyuma wapi na wapi, Mama Ekua. Nilibeba viti, niliwagawia wazee maji, nilicheza ngoma ya msiba mpaka wazee wakanyanyuka kuninyooshea vidole viwili juu ya kichwa kwa kunisifu, na bosi, ambaye kwa miaka minne alikuwa akiniita "wewe wa mashine ya tatu", akalitazama shati kwanza, uso baadaye, akaniuliza, "Wewe si mtoto wa Efua?"

Mama yangu anaitwa Efua. Kazaliwa Ijumaa, na kwetu mwanamke wa Ijumaa aitwe nani mwingine. Bosi alikuwa na Efua wake, dada wa ukoo ambaye hawajaonana miaka mingi. Nikasema, "Ndiyo, mjomba."

Hilo neno mjomba sijui lilitokea wapi, lilitoka lenyewe, na tangu siku hiyo mimi ni mpwa. Na wewe ni wa huku huku, unajua mtoto wa dada kwetu ana uzito gani kwa mjomba wake, ndiye anayemrithi. Nikaanza kuitwa ofisini kunywa chai, walinzi wakaanza kunifungulia lango kwa mikono miwili, nami nikaona raha, nisikudanganye. Halafu msimamizi wetu wa zamu akastaafu, na nafasi yake akaishika kwa muda Dada Araba, miezi minane, mwanamke mwenye cheti cha maabara, mtaratibu, ndiye anayepima maji ya tangi kila asubuhi na kuandika kwenye daftari kwa mwandiko kama umechapwa. Ndiye pia aliyenifundisha kusoma namba za dawa ya kusafishia maji kwenye kile kikaratasi kinachobadilika rangi, ingawa mpaka leo kijani na bluu vinanichanganya. Wiki tatu zilizopita bosi akatukusanya sote uani akatangaza msimamizi ni mimi. Baadaye faraghani akaniambia kwamba vyeti ni vizuri, lakini pale kwenye tangi anataka mtu wa nyumbani.

Watu walipiga makofi, wengine ya kweli, wengine ya kuangalia nani hapigi. Dada Araba akanishika mkono akasema, "Hongera, Ekow. Kesho maji atapima nani?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza. Mimi mwenye jibu la kila mtu mjini hapa nikacheka tu.

Kesho yake nikamwomba aendelee kupima, akapima, mimi nikatia sahihi. Ikawa hivyo mpaka Alhamisi iliyopita, siku aliyoomba ruhusa, nikachovya kikaratasi, rangi ikatoka sijui ya nini, watu wa magari wanapiga honi langoni, nikaandika namba ya Jumatano nikatia sahihi. Hakuna aliyeugua, nakuapia. Lakini jioni nilirudi nyumbani na mfuko wa pakiti zile zile kama kawaida yangu, bibi yangu aliyenilea akang'ata moja kwenye kona, akaiinua anywe, na mkono wangu ukampokonya kabla mimi mwenyewe sijaamua. Nikamwambia mna nzi. Akaiangalia pakiti kwenye taa, akaniangalia mimi, akasema, "Nzi ameingilia wapi?" Sijalala vizuri tangu hapo.

Na bado hilo silo linaloniharakisha. Jumamosi baada ya ijayo ni kumbukumbu ya mwaka mmoja ya mama wa bosi, na bosi ameniagiza nije na mama yangu tukae upande wa ukoo. Rafiki yangu Jojo anasema pale sokoni wauza kenkey, yale madonge ya mahindi, wanaoitwa Efua ni kumi na mbili, nichague mmoja aliyechangamka nimfundishe majina ya ukoo. Mimi nina wazo bora kuliko la Jojo. Kwa kuwa sikio la bosi ninalo, nikae kimya mpaka kumbukumbu ipite, niseme mama anaumwa, halafu nimwombe bosi ampe Dada Araba unaibu, yeye apime, mimi nisimamie, kila mtu afurahi. Unaonaje, si nina akili? Nijibu haraka, majina yetu uyabadilishe, na usinigombeze sana, gazeti hili linasomwa na watu.

Ekow, mpwa wa bosi (kwa sasa)


MAMA EKUA ANAJIBU

Ekow,

Nimevaa miwani na nimekaa vizuri. Umeniomba nisikugombeze na huku umeandika kurasa tatu za sababu za kugombezwa, kwa hiyo vumilia.

Shati si kosa. Kijana anayebeba viti na kuwagawia wazee maji msibani amelelewa, mwambie bibi yako nimesema hivyo. Kosa ni ile "ndiyo", na baada yake miezi ya chai. Bwana Acquah naye ana lake: alikipandisha cheo kitambaa. Miaka minne hakuujua uso wa fundi wake bora, na miezi minane alimtazama mwanamke akifanya kazi yote ya msimamizi, bado akatafuta mtu wa nyumbani. Lakini yeye hajaniandikia. Umeniandikia wewe.

Unaulizia kumbukumbu, mimi naanza na tangi. Kuanzia asubuhi utakayosoma hapa, usitie sahihi namba ambayo hujaipima wewe wala hajaipima anayejua kupima mbele ya macho yako. Magari yapige honi mpaka betri ziishe. Maji yale wanakunywa bibi za watu wengine, na wao hawana mjukuu wa kuwapokonya pakiti mkononi. Mkono wako ulikuwa na akili kuliko wewe siku ile, ufuate.

Jojo usimsikilize. Mama wa kukodi atatolewa jasho na shangazi wa kwanza atakayemuuliza alizaliwa nyumba ipi.

Na hilo wazo lako unaloliona bora ndilo lililonikera kuliko la Jojo. Unataka kutumia upwa wa uongo kumwombea Araba kiti kilicho chini ya kiti chake mwenyewe, kisha akushukuru. Kijana, mwanamke huyo hahitaji sikio la mjomba wako. Anahitaji mtu afungue daftari lake.

Basi fanya hivi. Nenda kwa Bwana Acquah wiki hii, nyumbani kwake, mchana, kabla ya kumbukumbu. Usimharibie siku ya mama yake kwa aibu yako. Usiende peke yako. Mwombe bibi yako atangulie, na chukueni chupa ya pombe ya kuombea msamaha kama inavyopasa kwa aliyewakosea watu wa ukoo mwingine. Bibi aseme ya adabu, wewe useme ya kweli: kwamba mama yako ni Efua mwingine kabisa, na kwamba shati lilikuwa la vipande. Usimtaje mama yako mdogo kwa lawama, alikushonea kwa upendo. Kisha mwambie kuhusu Alhamisi. Yote, hata honi. Halafu mwekee mezani daftari la vipimo, miezi minane kwa mwandiko wa Araba na siku moja kwa wako, unyamaze. Usimpendekeze mtu. Aliyezoea kutazama mashati aachiwe nafasi ya kusoma.

Anaweza kukufukuza. Sikufichi. Akikufukuza, mashine ya tatu itakohoa, na kiwanda cha maji pwani hii si kimoja. Asipokufukuza, omba urudi kwenye mashine yako, na umwombe Araba akufundishe tena kijani na bluu, taratibu, mchana kweupe. Kazi ya mikono yako hakuna aliyekupa kwa sababu ya kitambaa, hiyo unaweza kuishi nayo.

Kwenye kumbukumbu nenda, ukikaribishwa. Vaa nguo nyeupe ya kwako, kaa nyuma.

Na kabla ya hayo yote kuna moja la leo hii. Pita kiwandani, chukua pakiti moja ya asubuhi, mpelekee Araba umuulize kama maji haya yanafaa kunywewa. Akisema ndiyo, nenda nayo nyumbani, umpe bibi yako, ukae mbele yake mpaka amalize.