Kanyabayonga imekuwa inchi ya kigeni

Butembo, Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, na moyo wangu pia umelowa.

Wananchi wote mnajulishwa rasmi: kiti cha Bureau ya Kuzuia Feza Kutoka Inchini kimepigiliwa misumari. Mkuu wa bureau hiyo, yaani mimi na tumbo langu, sasa anaweza kukaa bila kushikilia meza.

Serikali yetu ya Beni haitaki dola zitoke. Ikanichagua mimi kwa sababu zamani nilifundisha économie. Mais tangu vita vigawanye Congo, inchi yetu inaishia kabla ya Kanyabayonga. Pale inaanza serikali ya Goma, maadui zetu. Donc, kwa sheria, anayepeleka feza Kanyabayonga anaipeleka ugenini.

Asubuhi tajiri mmoja wa vitenge alipita kunisalimu. Alikuwa ametoka kwenye phonie: maneno machache ndani ya redio, na ndugu yake kule Kampala amekwisha kulipa kontena ya Dubai. Nilimuuliza kuhusu ruhusa. Akanikumbusha kwa upole kwamba yeye na wenzake ndio wanaolipa serikali ushuru mapema, mali ingali baharini, na mshahara wangu unatoka humo.

"Mukubwa, weye chunga barabara," akasema. "Feza yangu hapana kupita mu barabara."

Nilicheka naye. Ningefanya nini?

Mchana askari wa barrière ya barabarani waliniletea Mama Masika, muuza viazi wa mtaa wa Mulekera. Walikuwa wamemshusha kwenye camion, na feza imefungwa ndani ya kitambaa kiunoni. Bwana wake ni dereva, alipinduka na gari. Amelazwa Kanyabayonga, na hospitali haimpasui mpaka alipiwe.

Jioni hii nyumbani nimeeleza kwamba nilimwacha apite. Bibi yangu amefurahi, ameniongezea sombe.

Haikuwa hivyo.

Askari walisimama mlangoni wakiniangalia, nami niliogopa wataniita mtu wa Goma. Nilitwaa feza yote, nikapiga muhuri kwenye karatasi ya kuitwaa. Mama Masika hakulia. Aliniuliza tu:

"Papa, Kanyabayonga ilitokaka mu Congo siku gani?"

Nilimwambia ni sheria. Sikumwangalia usoni.

Akafunga tena kitambaa kiunoni, kitupu, akapanda camion ileile kwenda kwa bwana wake.