Marehemu Alipokea Simu

Shoga, nimetoka kuangalia lile gari nililotaka kununua.

Gari lenyewe zuri, halina hata kutu. Lakini kadi ya usajili ina jina la mwanamke. Nikamuuliza muuzaji, huyu nani? Akasema, "Ni mama yangu. Alifariki mwezi wa tatu."

Nikampa pole. Nikaomba cheti cha kifo na karatasi za mirathi. Akaanza kuumauma maneno: "Dada, hayo tutayamaliza baadaye. Kuna mteja mwingine anakuja saa nane." Nikasema moyoni, hapa pana namna.

Alipoingia ndani kuchukua ufunguo wa akiba, nikafungua droo ya dashibodi. Nikakuta daftari la matengenezo lenye jina lilelile la kwenye kadi, na namba ya simu.

Nikapiga. Shoga, nikapiga!

Ikapokewa na mama mtu mzima. Nikamwamkia, nikamtajia lile jina. Akasema, "Ndiye mimi, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Marehemu! Marehemu ananiuliza nani mwenzake!

Kumbe kalazwa hospitali, kavunjika nyonga. Gari kamwachia mwanawe alitunze. Nikamweleza yote. Akasema, "Hebu mpe simu huyo."

Jamaa akatoka na ufunguo, anatabasamu. Nikamnyooshea simu. "Mama yako anataka kusema nawe."

Alisikiliza muda mrefu, shoga. Halafu akakaa chini, palepale kwenye changarawe, akawa anasema neno moja tu: "Mama. Mama. Mama."